Akili mnemba na bei ya ardhi: mizani isiwe ya mnunuzi peke yake

Mkulima wa pamba wa Bunda hahitaji kufundishwa habari za mizani. Kwa misimu mingi amefikisha pamba yake kwenye kituo cha kununulia, akaona uzito unaosomwa pale ni pungufu ya ule aliopima nyumbani, na akakubali kwa sababu mizani ni ya mnunuzi na jua linazama. Ndiyo maana ukaguzi wa Wakala wa Vipimo na bei elekezi inayotangazwa mwanzoni mwa msimu vimekuwa na maana kwake. Havijamaliza udanganyifu, lakini vimempa mahali pa kusimama anapobishana na mnunuzi.

Sasa inakuja mizani ya aina nyingine, na hii inapima ardhi. Programu za kompyuta za akili mnemba zina uwezo wa kusoma picha za setilaiti, ramani za barabara, matangazo ya viwanja na bei za mauzo yaliyopita, kisha zikataja bei ya shamba ambalo aliyeuliza hajawahi kulikanyaga. Nchi zilizoendelea zimeizoea kazi hiyo kwa takriban miaka 20. Katika Mkoa wa Mara bado bei ya kiwanja inapangwa chini ya mti kati ya muuzaji, mnunuzi na dalali. Hata hivyo, mwenye shamba asidhani kwamba jambo hili liko mbali naye.

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Musoma tayari wanaishi na kompyuta inayowapima. Tangu huduma kama M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mteja anayeomba mkopo kwa simu hajibiwi na ofisa wa benki aliyemtazama usoni. Programu huangalia jinsi anavyotumia simu yake na jinsi alivyorejesha mikopo ya nyuma, kisha inaamua apewe shilingi ngapi au asipewe kabisa. Mwenye genge la nyanya pale Nyasho hajui hesabu hiyo imefanywaje. Anachojua ni jibu tu. Kinachofuata ni hesabu ya namna hiyo kufanywa juu ya ardhi yake.

Malighafi za hesabu hiyo zimeshaanza kukusanywa. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa ramani ya majengo zaidi ya milioni 500 barani Afrika, yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha za angani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika maabara yake iliyopo Accra, Ghana. Karibu zaidi na nyumbani, kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ikiwa mshirika. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika shindano la kuifundisha kompyuta kutofautisha nyumba iliyokamilika, nyumba ambayo haijakamilika na msingi mtupu. Kwa maneno mengine, mashine ilifundishwa kulitambua pagale. Kinachowezekana Unguja kinawezekana pia Makoko, Bweri na Nyakato.

Je, nani atakuwa wa kwanza kuitumia mizani hii hapa Mara? Kwa vyovyote hatakuwa mkulima. Atakuwa mnunuzi mwenye fedha, anayetafuta ardhi kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari inayopita Bunda, kwenye mwambao wa ziwa Musoma, au karibu na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere huko Butiama. Mnunuzi huyo atakaa ofisini, atazame ni upande gani mapagale yanaongezeka mwaka hadi mwaka, kisha amtume dalali kijijini kabla wanakijiji wenyewe hawajajua kwamba mji unawafuata.

Hesabu yake ni rahisi, na mkulima anapaswa kuifahamu. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Mnunuzi akiacha asilimia 30 kwa ajili ya barabara na huduma za jamii, zinabaki mita za mraba kama 2,830, ambazo zinatoa viwanja saba vya mita 20 kwa 20. Kwa mfano tu, akiinunua ekari hiyo kwa shilingi milioni 2 na kuuza kila kiwanja kwa milioni 1.5, atakusanya milioni 10.5. Hata akitumia milioni 3 kwa upimaji, barabara na madalali, anabaki na faida ya milioni 5.5. Muuzaji aliyefikiria magunia ya mahindi yanayotoka kwenye ekari ile aliona milioni 2 ni fedha nyingi. Mnunuzi aliona viwanja saba. Wote wawili walitazama udongo uleule, ila mmoja alikuwa na taarifa na mwenzake hakuwa nazo.

Kwa hiyo, si sahihi kuikataa akili mnemba kana kwamba ndiyo mwizi. Taarifa hizohizo zingeweza kumsaidia mkulima. Simu ingeweza kumwambia kwamba jirani wa upande wa pili wa barabara aliuza kwa bei mara mbili ya ile anayoambiwa, au kwamba njia mpya imechorwa kupitia karibu na shamba lake. Ingeweza kupunguza nguvu ya dalali anayemtajia muuzaji bei moja na mnunuzi bei nyingine, kisha akaondoka na cha juu. Tatizo ni kwamba mashine inajua kile tu kilichoandikwa au kupigwa picha. Ardhi kubwa ya Mara haijaandikwa popote.

Katika vijiji vya Butiama na Musoma Vijijini, mpaka wa shamba ni mstari wa minyaa, safu ya mikonge, au jabali ambalo babu alilionyesha kwa mkono. Shahidi wa mpaka ni jirani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaiheshimu hali hiyo. Haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na haki miliki inayotolewa na Kamishna wa Ardhi, na mtu aliyeipata ardhi kihalali kwa mila anayo haki hiyo hata kabla hajakabidhiwa hati. Sheria inamtambua, lakini kompyuta haimtambui. Kwenye picha ya setilaiti, shamba lililopumzishwa misimu miwili ili lirudishe rutuba linafanana na pori lisilo na mwenyewe. Malisho yanayotumiwa na kijiji kizima wakati wa kiangazi yanaonekana kuwa eneo tupu.

Wa kwanza kuumia katika hali hiyo ni mjane. Kwa koo nyingi za Mara ardhi hurithishwa kwa watoto wa kiume, na hata karatasi chache za mauziano zilizopo mara nyingi zina jina la mume peke yake. Sheria ya 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hata hivyo, mashine iliyolishwa karatasi zisizo na majina ya wanawake itajibu kama vile wanawake hawana ardhi. Itaurudia upungufu wa zamani, tena kwa haraka na kwa sura ya utaalamu.

Lipo pia tatizo la bei zenyewe. Katika mauziano mengi bei inayoandikwa kwenye mkataba ni ndogo kuliko fedha iliyolipwa, ili kupunguza ushuru na kodi. Muuzaji na mnunuzi huona wameokoa kitu. Lakini karatasi hizo ndizo zitakazosomwa kesho na kompyuta kama historia ya bei ya eneo. Mkulima atakapoambiwa kwamba ekari ya upande wake haijawahi kuzidi kiasi fulani, jibu hilo litatokana na uongo uliosainiwa na majirani zake mbele ya mashahidi.

Hata pale ambapo kumbukumbu ni nyingi, mashine imewahi kukosea vibaya. Kampuni ya Zillow ya Marekani ilianza kukadiria bei za nyumba kwa kompyuta mwaka 2006, ikiwa na taarifa za vyumba, kodi na mauzo ya mamilioni ya nyumba. Mwaka 2018 ikaanza kuzinunua nyumba yenyewe ili kuziuza tena. Novemba 2021 ilitangaza kufunga biashara hiyo baada ya kushindwa kutabiri bei, ikapunguza thamani ya nyumba ilizozishika kwa zaidi ya dola milioni 300 na kuamua kupunguza robo ya wafanyakazi wake. Ikiwa makosa hayo yametokea kwenye nchi ambako karibu kila nyumba ina faili, mtu anayetajiwa bei ya kiwanja cha Kigera na kompyuta ana kila sababu ya kuuliza imeipata wapi.

Wapangaji wa fremu nao wana lao la kujifunza. Agosti 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya kampuni ya RealPage, ikidai kwamba programu yake iliwawezesha wenye nyumba wanaopaswa kushindana kupandisha kodi kwa pamoja, kwa kuwa wote walikuwa wakiilisha programu moja taarifa zao. Mfanyabiashara wa Mukendo anayelipia fremu miezi sita au mwaka kwa mkupuo anajua uzito wa jambo hilo. Wenye fremu wakiacha kushindana na kuanza kusikiliza mshauri mmoja, mpangaji hana pa kukimbilia.

Aidha, yapo mambo ambayo mashine na wazee wa mtaa wanapaswa kusaidiana. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 yakapanda tena. Mnunuzi aliyeonyeshwa kiwanja cha ufukweni wakati wa kiangazi hawezi kujua kwamba pale alipopanga kujenga jiko palikuwa na samaki. Mvuvi wa Makoko anajua. Picha za setilaiti za mwaka 2020 nazo zinaonyesha, na nyingi zinapatikana bila malipo. Programu nzuri ingemwambia mnunuzi habari hiyo kabla hajatoa fedha, pamoja na kumkumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Uthamini unapofanywa na serikali, uzito huongezeka. Wilayani Bunda, wakazi wa Kata ya Nyatwali walitakiwa kuhama ili eneo lao liunganishwe na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na wanyama wafike Ghuba ya Speke. Mjadala wa muda mrefu ulihusu uthamini na kiwango cha fidia. Kule Nyamongo, Tarime, neno “tegesha” limezoeleka kwa nyumba na miti inayowekwa haraka ili kusubiri fidia ya mgodi. Picha zenye tarehe zinaweza kumtofautisha aliyetegesha na aliyeishi pale miaka 30, na hilo lingekuwa jambo jema kwa wenye haki. Lakini mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016 ana jina, ana saini na anaweza kuitwa aeleze alifikaje kwenye kiasi alichoandika. Kompyuta haiwezi kuitwa kwenye baraza la ardhi. Kwa sababu hiyo, hakuna fidia inayopaswa kulipwa kwa hesabu ya mashine ambayo hakuna mtaalamu aliyeikagua na kuitia saini.

Si mara ya kwanza kwa swali hili kutokea hapa Mara. Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alionya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa ya kuuzwa kiholela, wachache wenye fedha watamiliki na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Sera ya ardhi ya Tanzania imebadilika tangu wakati huo, na leo thamani ya ardhi na soko lake vinatambuliwa na sheria, ingawa ardhi yote inabaki mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hofu ya Mwalimu haijapitwa na wakati. Soko linaloendeshwa na taarifa humpendelea mwenye taarifa, na kompyuta inaliendesha soko hilo kwa kasi kuliko dalali yeyote anayetembea kwa pikipiki.

Njia ya kuanzia inajulikana, na imejaribiwa nchini. Kuanzia mwaka 2014, katika vijiji vya Wilaya ya Iringa, vijana wa kijiji walifundishwa kutumia simu kuandika mipaka ya mashamba. Mwenye shamba na majirani zake walitembea kwenye mpaka, wakakubaliana, simu ikaandika, na hati za haki miliki ya kimila zikatolewa. Cha kuzingatia ni mpangilio wa kazi ile. Majirani ndio walioamua mpaka uko wapi, na mashine ilikuwa karani tu. Serikali nayo imekuwa ikihamishia kumbukumbu za hati kwenye mfumo wa kompyuta wa ILMIS, na Desemba 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi. Halmashauri za Mara zisikae kusubiri zamu yao. Zianze na vijiji vinavyopakana na miji, kwa kuwa huko ndiko dalali atakakotangulia.

Baadhi ya wazee wanaogopa hati. Wanasema ardhi isiyo na karatasi haiwezi kuuzwa na kijana mlevi wala kuchukuliwa na benki, na hoja hiyo isibezwe. Ardhi iliyoandikwa ni rahisi kuuzwa na ni rahisi kuwekwa dhamana. Dawa yake ni jinsi inavyoandikwa. Sheria inaruhusu hati ya pamoja ya mke na mume, ya familia, na ya kikundi kwa maeneo kama malisho. Hati yenye majina manne haiuzwi kwa saini ya mmoja. Shamba lisiloandikwa kabisa, kwa upande mwingine, litaendelea kuonekana pori kwenye kioo cha mtu aliyeko mbali, naye atakuja na ramani mkononi wakati familia ina jabali la babu tu la kuonyesha.

Hatua ya pili haihitaji mkopo wala kompyuta. Kila chama cha msingi, kila SACCOS na kila ofisi ya mtaa inaweza kuwa na daftari la bei za ardhi. Linaandikwa tarehe, ukubwa, mahali, umbali kutoka barabarani, na bei iliyolipwa kweli, bila majina ya watu. Baada ya misimu miwili, mkulima wa Butiama anayefuatwa na dalali atakuwa na mahali pa kuuliza kabla ya kutikisa kichwa. Daftari hilo likija kuingizwa kwenye kompyuta, itakuwa kompyuta iliyolishwa ukweli wa Mara. Tayari vyama hivyo vinaandika uzito wa pamba kilo kwa kilo, na kuandika ekari hakuwezi kuvishinda.

Wanunuzi wadogo nao wana wajibu. Akili mnemba inayoweza kusoma hati inaweza pia kusaidia kutengeneza hati ya bandia yenye mhuri unaovutia, au picha ya nyumba ambayo haijawahi kujengwa. Mfanyabiashara anayetaka kuweka akiba yake kwenye kiwanja asinunue kwa picha ya simu. Aende afanye upekuzi kwa msajili wa hati au kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri, aone mawe ya mipaka kwa macho, na awaulize majirani wasiopungua watatu. Kama kiwanja kiko kijijini, akumbuke kwamba uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji.

Serikali kwa upande wake inatakiwa kuweka masharti mapema. Bei za mauzo yaliyosajiliwa zitolewe kwa umma kwa lugha nyepesi, ili zisiwe siri ya wenye mitambo. Programu yoyote inayotaja bei ya ardhi nchini ieleze kwa Kiswahili imetumia taarifa zipi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia sheria ya mwaka 2022, ihakikishe majina na mashamba ya watu hayageuki bidhaa ya kuuzwa kwa madalali. Chuo kikuu cha Butiama, kinachobeba kilimo na teknolojia katika jina lake, kina nafasi nzuri ya kuwafundisha vijana wa mkoa huu kutengeneza na kukagua programu hizo, badala ya kuzisubiri kutoka nje zikiwa zimeshapangwa.

Mkulima wa pamba alichelewa miaka mingi kupata mtu wa kukagua mizani, na hasara aliyoipata hakuna aliyemrudishia. Hata hivyo, pamba huvunwa tena msimu unaofuata. Ekari iliyouzwa kwa bei ya magunia ya mahindi hairudi. Vikao vya vijiji vitakavyoitishwa baada ya mavuno viwe na ajenda moja ya ziada: kutembea mipakani na kufungua daftari.